Chatu Aliyeacha Kutaga

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Chiriku alipitia chumba cha nyuma kuwahudumia nyoka. Shuleni aliandikishwa kwa jina jingine, lakini tangu alipojua kusema hakunyamaza, basi baba yake akampa jina la yule ndege mdogo mwenye kelele, na jina likamganda.

Nyoka walikuwa wa shangazi yake, aliyeishi nao nyumba moja. Kazi yake ilikuwa kufuga chatu, na alikuwa na kibali cha kazi hiyo. Aliwapeleka mashuleni ili wanafunzi wajifunze kutowaogopa ovyo na kutowaua ovyo. Watoto wa chatu waliozaliwa pale walichukuliwa na vituo vingine vya wanyama.

Chumba chenyewe kilikuwa safi kuliko jikoni. Vizimba vya mbao vyenye vioo kwa mbele vilipangwa ukutani, kila kimoja na bakuli la maji, kipimajoto, na taa ya joto upande mmoja ili nyoka achague mwenyewe pa kuota joto na pa kupoa. Chiriku alisoma vipimajoto, akabadilisha maji, akaokota ngozi zilizovuliwa. Baba yake, fundi cherehani, hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba hicho. Aliwasalimia nyoka akiwa mlangoni, tena upesi upesi, kama mtu anayemsalimia mkwewe.

"Mimi na wao tunaheshimiana," alikuwa akisema. "Wao hawaji kwenye cherehani, mimi siendi kwenye vizimba."

Chatu mkubwa kuliko wote walimwita Bi Mkubwa. Wakati huo alikuwa na mayai tumboni. Shangazi alikwisha kumwekea sanduku la kutagia, lenye kifuniko juu, tundu la kuingilia ubavuni, na udongo laini wenye unyevu ndani. Bi Mkubwa aliingia humo akajikunja, akawa hatoki. Shangazi alifurahi, akasema siku zenyewe zimefika.

Kumbe siku hizo hizo zilikuja na safari. Simu ilipigwa kutoka shamba la mbali: chatu mwitu ameingia ghalani, na watu wameshika mapanga. Shangazi asipokwenda, yule nyoka angekatwakatwa. Ilimbidi aondoke, na safari ingechukua siku mbili au zaidi. Kabla ya kutoka alimketisha Chiriku, akampa ufunguo wa chumba na maelekezo. Apulize maji kidogo kupitia tundu, asubuhi na jioni. Atazame kipimajoto. Akiona jambo asilolielewa, apige simu. Na kifuniko asikiguse kwa sababu yoyote ile.

"Hata kuchungulia kidogo?" Chiriku aliuliza.

"Wewe ukiwa chooni, mtu akakufungulia mlango akuchungulie kidogo, utaendelea na shughuli yako?"

Chiriku alicheka, akaahidi. Aliahidi kwa moyo wake wote, na shangazi akaondoka akiamini.

Lakini shuleni ulimi haukutulia. Kabla ya kengele ya mapumziko darasa zima lilijua kuwa kwao kuna chatu anayetaka kutaga. Rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, msichana mrefu aliyeitwa Ngongoti, hakuamini. Alisema nyoka hatagi, nyoka anazaa. Bibi yake aliona kwa macho yake. Chiriku akamweleza kuwa wapo wanaozaa na wapo wanaotaga. Ngongoti akacheka, na wengine wakacheka naye. Kicheko kile kilimchoma Chiriku. Saa za kutoka zilipofika alimshika Ngongoti mkono, wakaenda moja kwa moja hadi nyumbani.

Baba alikuwa chumba cha mbele, cherehani ikinguruma. Wasichana wakapita kimya hadi kule nyuma. Chiriku akainua kifuniko.

Bi Mkubwa alikuwa katikati ya kazi. Mayai manne meupe yalikuwa yameshikana ndani ya mkunjo wa mwili wake, na sehemu ya chini ya tumbo ilikuwa bado imevimba. Alirudisha kichwa nyuma akatoa mlio mrefu kama wa tairi linalopungua upepo. Chiriku akafunika haraka. Ngongoti akasema hakuona vizuri kwa kuwa alifumba macho. Basi Chiriku akafunua tena, safari hii akamulika kwa tochi, mpaka rafiki yake akakiri kwamba kweli nyoka anataga.

Asubuhi iliyofuata, Bi Mkubwa hakuwa sandukuni. Alikuwa akizunguka kizimba, akisukuma kioo kwa pua, akienda na kurudi. Mayai manne aliyaacha peke yake. Tumboni mwake, karibu na mkia, uvimbe ulionekana wazi, kama mtu aliyemeza viazi akavisahau.

Chiriku alijua kuwa hili ndilo jambo la kupigiwa simu. Alichukua simu ya baba yake, akatafuta namna ya kuanza sentensi. Kila namna iliishia kwenye kifuniko. Akairudisha simu mahali pake. Baba alipouliza hali ya nyoka ili amjulishe dada yake, alijibiwa kwamba mambo ni shwari. Na shangazi alipopiga, baba akamfikishia salamu hizo hizo.

Darasani Chiriku hakufungua mdomo, hata mwalimu akamuuliza kama anaumwa. Ngongoti, aliposikia, alimshauri ambonyeze nyoka tumboni, kama watu wanavyokamua dawa ya meno. Jioni Chiriku alijaribu. Aliweka kiganja juu ya uvimbe, akaukuta mgumu kama jiwe. Alipobonyeza kidogo tu, mwili mzima wa Bi Mkubwa ulishtuka, na Chiriku akaondoa mkono kama aliyeungua. Alipuliza maji, akarekebisha taa, akajiambia kuwa labda kesho mayai yatatoka yenyewe. Hayakutoka.

Shangazi alirudi alasiri ya siku iliyofuata, viatu vikiwa vimejaa tope, chatu wa ghalani akiwa mzima ndani ya gunia. Hakunawa hata mikono. Alikwenda chumba cha nyuma, akasimama mbele ya kizimba cha Bi Mkubwa, akatazama kwa muda mrefu.

"Ameanza kutaga lini?" aliuliza.

"Leo asubuhi," alisema Chiriku. Neno lilitoka jepesi, kama lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri.

Shangazi aliyachukua yale mayai manne moja moja bila kuyageuza, akayaweka kwenye mashine ya kutotolea. Alishangaa kuona mawili yamebonyea kwa ukavu, lakini hakuwa na nafasi ya kushangaa sana. Alimlaza Bi Mkubwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akamsubiri. Hakuna kilichotoka. Chatu alilala majini kichwa chini, hana hata hamu ya kutoa ulimi. Shangazi akasema huyu mayai yamemkwama, na hapa nyumbani hakuna tena la kufanya. Wakamtia kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko wakauweka ndani ya beseni kavu, wakalibeba huku na huku hadi kwa daktari wa mifugo.

Kwenye benchi la kusubiria walimkuta mzee mwenye mbuzi anayechechemea, na mama mwenye paka ndani ya kikapu. Mzee aliuliza kwa upole wana mgonjwa gani. Shangazi hakuzoea kuficha, akamwambia ni chatu. Mzee akasogea. Mbuzi naye akasogea. Mama wa paka akasema yeye hana haraka kabisa, watangulie tu, na wote wawili wakaona ni afadhali wakasubirie uani.

Daktari alikuwa mwanamume mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Chiriku alimwamkia, akaitikia huku ameshaanza kumpapasa mgonjwa kwa ncha za vidole, taratibu, kutoka katikati ya mwili hadi karibu na mkia. Alihesabu mavimbe matatu. Akauliza ameacha kutaga lini, na shangazi akajibu kuwa ni asubuhi ile.

"Basi tumewahi," daktari alisema. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Huku akifanya hivyo alieleza, kwa kuwa alimwona Chiriku anatazama. Alisema chatu akikatizwa kutaga, mayai yaliyobaki huanza kukauka na kushikamana na mrija yanamopita. Yakiwa bado mapya, dawa hii huufanya mwili ubane, na yai huteleza likatoka.

"Na kama si mapya?" Chiriku aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ah, hapo ni hatari. Yai limeshagandamana, halafu wewe unaulazimisha mwili ubane. Mrija unapasuka. Tena unapasukia ndani, hutaona damu. Utaona tu amekufa."

Daktari alipangusa magamba kwa pamba. Shangazi alishika mwili wa Bi Mkubwa, uso wake umeinama, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Chiriku aliitazama sindano. Aliona wazi kitakachotokea akisema. Shangazi hatamwachia tena ufunguo wa chumba kile. Huenda asimwachie kitu chochote tena. Hata hivyo akasogea hadi kwenye meza na kuweka mkono wake juu ya mahali palipopangwa kuchomwa.

"Daktari, ngoja. Si leo. Ni juzi."

Akaendelea. "Juzi jioni nilifungua sanduku nikamwonyesha rafiki yangu. Nilifungua mara mbili. Jana asubuhi nikamkuta ametoka, na mpaka leo hajarudi ndani. Nilimwambia baba mambo shwari. Nilikudanganya, shangazi."

"Tumbo lake uliligusa?" aliuliza daktari.

"Nilimbonyeza kidogo. Alishtuka, nikaacha."

Daktari aliirudisha sindano kwenye sahani, pole pole, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kulipuka. Alisema ni bahati kwamba aliacha, maana wengi huendelea kubonyeza mpaka wakamuua. Shangazi alikuwa ameushika ukingo wa meza. Alimtazama Chiriku, akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akamgeukia daktari.

"Sasa tunafanyaje?"

Walianza upya. Bi Mkubwa alipigwa picha ya eksirei, na katika picha ile Chiriku aliyaona mayai matatu yamepangana, la chini kabisa likiwa kubwa kuliko wenzake na limelala vibaya. Hilo ndilo lililoziba njia. Daktari alisema atampa kwanza maji mwilini kwa sindano, kwa kuwa nyoka aliyekaukiwa hana nguvu za kusukuma. Baadaye atalitoboa lile yai kwa sindano nyembamba, avute kilichomo, yai lisinyae. Likishasinyaa linaweza kuteleza. Likikataa, kitabaki kisu. Na yai lenyewe, alisema, tusahau. Hilo halitatoa mtoto.

Alimwomba Chiriku atoke nje, kwa sababu kazi ingechukua muda na haikuwa ya kutazamwa na mtoto. Chiriku alikataa kwa adabu. Alisema yeye ndiye aliyelianzisha jambo hili, anaomba asaidie kulimaliza. Na Bi Mkubwa amezoea mikono yake. Daktari alimtazama shangazi. Shangazi alifikiri kidogo, akasema, "Mpe upande wa mkia. Akisema ataweza, ataweza."

Akapewa upande wa mkia, aushike kwa mikono miwili, usicheze, wala asiubane. Daktari alitia dawa ya ganzi, akamimina mafuta laini, akaingiza sindano kwenye tundu la nyuma ambamo ncha ya yai ilikuwa ikionekana kama kucha nyeupe. Alivuta. Ute wa manjano, mzito, ulipanda kwenye bomba. Alibadilisha bomba akavuta tena. Mikono ya Chiriku ilianza kuuma, kisha ikafa ganzi, kisha ikauma upya. Bi Mkubwa alijikaza, na nguvu zake zilimpita Chiriku hadi mabegani. Hakuachia. Alimsemesha kwa kunong'ona, akimwambia avumilie, kazi inakwisha, na alipokosa la kumwambia akamsimulia masomo ya siku ile.

Hatimaye daktari alishika ganda kwa koleo, akalizungusha kidogo huku akilainisha kando kando yake. Ganda likatoka, limesinyaa kama soksi iliyolowa. Nyuma yake yai la pili lilishuka lenyewe, nalo limeshaharibika. La tatu halikutikisika.

Daktari hakutaka kulilazimisha. Aliwaambia wamwache mgonjwa apumzike pale kliniki, penye joto na giza, na njia sasa ikiwa wazi atampa ile dawa ya kubana mwili kwa kipimo kidogo. Wakarudi nyumbani na beseni tupu.

Njia nzima Chiriku alitembea nusu hatua nyuma ya shangazi. Walipofika, alikwenda mwenyewe kwenye cherehani, akamweleza baba yake yote, pamoja na zile salamu za uongo alizomfanya azifikishe. Baba alizima cherehani ili asikie vizuri. Alihuzunika zaidi kuliko alivyokasirika, akasema kuwa yeye amempelekea dada yake uongo kwa mdomo wake mwenyewe, bila kujua.

Asubuhi, kabla ya shule, Chiriku na shangazi walikwenda kliniki. Daktari aliwafungulia mlango akiwa ameshika sahani. Ndani yake lilikuwa yai la tatu, la manjano na lililokauka upande mmoja. Bi Mkubwa alikuwa amejikunja chini ya taa, amechoka, lakini ulimi unacheza.

Kazi haikuishia hapo. Shangazi hakumpiga Chiriku wala hakumnyang'anya ufunguo. Alimwambia tu kwamba mgonjwa ni wake. Kwa majuma mengi Chiriku aliamka mapema kuliko zamani. Alimwogesha Bi Mkubwa kwa maji ya vuguvugu, akampa dawa shangazi akisimamia, akapima uzito wake, akasafisha kizimba hata pale kilipoonekana safi. Chatu alikataa kula. Alikonda mpaka uti wa mgongo ukajichora. Ngongoti alimshauri akate tamaa, na wenzake wakamwita wacheze. Chiriku aliwaambia atacheza nao mgonjwa akila. Kila alipomwekea chakula kikakataliwa, alikitoa, akanawa, akasubiri siku iliyopangwa ajaribu tena. Siku moja alasiri Bi Mkubwa alinyoosha shingo, akashika panya na kummeza. Chiriku alikaa sakafuni mbele ya kioo akalia, kisha akaenda kumwita shangazi.

Katika yale mayai manne, moja lilioza. Matatu yalianguliwa. Watoto wa chatu walichana maganda kwa pua zao, wakatoa vichwa vidogo, wakatazama dunia kwa muda mrefu kabla ya kuamua kutoka. Shangazi na Chiriku walikuwa pale pamoja, mabega yamegusana, wakiwahamisha mmoja baada ya mwingine.

Ndipo Chiriku alipouliza swali lililokuwa limemkaa moyoni. Aliuliza kwa nini shangazi hakumgombeza siku ile mbele ya daktari.

Shangazi alifunga kifuniko cha mashine, akapangusa mikono.

"Nilitaka sana," alisema. "Nilikuwa na maneno mengi, mengine makali. Lakini nikaona ukianza kusema ukweli nami nikikupiga nao usoni, kesho utaufikiria mara mbili kabla ya kuutoa. Sikiliza, mwanangu. Ulifungua sanduku, na hilo ni kosa. Lingerekebishika siku hiyo hiyo kwa simu moja, na pengine yale mayai matatu yaliyobaki tumboni yangekuwa hapa na ndugu zao. Ulipolificha ndipo likaanza kukua, maana kosa lililofichwa ni sawa na yai lililokwama. Halikai tu likakungoja. Kila siku linashika zaidi, na kulitoa kunaumiza zaidi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tumeliona kwa macho yetu."

Chiriku aliinamisha kichwa. Shangazi akamwinua kidevu.

"Lakini liangalie na upande wa pili. Daktari yule alikuwa na dawa, ana eksirei, ana elimu ya miaka mingi. Mimi nina uzoefu wangu. Wote wawili tulikuwa tunamuua Bi Mkubwa kwa mikono yetu, tukidhani tunamponya, kwa sababu kitu tulichokikosa kilikuwa mdomoni mwako. Ulikitoa ukiwa na hofu. Safari nyingine usingoje mpaka uione sindano."